Kabla ya masika: nyumba ikaguliwe kuanzia bati hadi shimo la maji taka

SWALI: Mimi na mke wangu tunaishi Kigamboni katika nyumba ya vyumba vitatu tuliyohamia miaka 7 iliyopita. Paa ni la bati, dari ni ya jipsamu, maji tunayahifadhi katika tangi la plastiki la lita 2,000, na maji taka yanakwenda kwenye shimo. Masika iliyopita dari ya sebule iliota doa la kahawia, na fundi mmoja ametushauri tubadilishe paa zima. Tangu tuhamie hatujafanya ukarabati wowote zaidi ya kupaka rangi. Naomba unieleze mwenye nyumba anapaswa kufanya nini kila mwaka, aanze na lipi, na lipi amwachie fundi.

JIBU: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa swali lako, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kushusha bati. Nimekagua nyumba nyingi za pwani, kuanzia Bagamoyo hadi Mkuranga, na sehemu kubwa ya uharibifu niliouona ulitokana na maji yaliyopita au kutuama mahali ambapo hayakutakiwa. Ndiyo maana nakushauri uipange kazi ya mwaka kwa kufuata mvua. Masika hunyesha Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo Januari na Februari ni miezi ya kuandaa paa na njia za maji, wakati wa mvua ni wa kutazama nyumba inavyofanya kazi, na kiangazi cha Juni hadi Septemba ni cha kuziba, kupiga lipu na kupaka rangi. Unapokagua, fuata njia ya maji yenyewe: anza juu kabisa, kisha shuka.

Nianze na hilo doa lenu. Doa la dari halionyeshi bati limevuja wapi, kwa kuwa tone likishapita kwenye tundu hufuata papi (mbao inayopigiliwa bati) au mbao ya kenchi (fremu inayobeba paa), likateremka nayo hata mita kadhaa, na kudondoka pale linapokutana na kiungo au msumari. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ya Mbweni ambayo mwenyewe alikuwa ameipaka dari rangi mara mbili na doa likarudi mara mbili. Nilipanda darini saa saba mchana, nikazima tochi na kukaa kimya kama dakika tano hadi macho yakazoea giza. Kwenye mteremko wa upande wa bahari zilionekana nukta tatu za mwanga, kila moja ndogo kama punje ya mtama, na hakuna hata moja iliyokuwa juu ya doa. Chini yake mbao ya kenchi ilikuwa na mstari mweusi wa unyevu, mwembamba kama utepe, ulioshuka hadi kwenye kiungo cha juu ya sebule. Tulipopanda juu ya bati tulikuta wosha za mpira zimekaushwa na jua. Ukizigusa kwa kidole zinasagika kama mkate uliochacha. Skrubu kumi na moja mpya zenye wosha mpya zilimaliza kazi kabla ya alasiri.

Sisemi kwamba na kwenu itakuwa hivyo, ila nakuomba uanze hapo kwa sababu hilo ndilo kosa linalojirudia zaidi katika paa zenye umri kama wa lenu. Bati hutanuka kwa joto la mchana na kusinyaa usiku, na mbao iliyopigiliwa ikiwa mbichi hukauka na kuuachia msumari, kwa hiyo baada ya miaka kadhaa misumari huchomoza kidogo na wosha kuacha kubana. Kila Februari fundi apite mstari kwa mstari: msumari uliolegea ung'olewe na mahali pake iwekwe skrubu nene zaidi yenye wosha mpya, bila kukazwa mpaka bati libonyee, kwani kibonyeo hicho hukusanya maji kukizunguka kichwa cha skrubu. Aangalie pia kofia za bati kule juu ya paa, mahali miteremko miwili inapokutana na kufanya bonde, na kiungo cha bati na ukuta kama mna kibaraza kilichounganishwa baadaye. Majani yakijaa kwenye bonde hilo, maji hupanda juu ya ukingo wa bati na kuingia ndani hata kama hakuna tundu lolote.

Kutu ni jambo jingine, na kwa nyumba ya Kigamboni lina uzito wa pekee. Bati la kawaida ni chuma kilichopakwa zinki, na zinki hiyo ndiyo inayoliwa kwanza ili chuma kisalimike; upepo wa bahari huleta chumvi inayoimaliza upesi zaidi kuliko ilivyo Dodoma au Morogoro. Kutu huanzia pale mabati yanapolaliana, kwa kuwa unyevu hukaa katikati bila kukauka, na pia chini ya ukingo wa paa ambako chumvi hutua na mvua haifiki kuiosha. Ndiyo maana inafaa kuosha kwa maji yasiyo ya chumvi sehemu ambazo mvua haizigusi, japo mara moja au mbili kwa mwaka. Kutu ya juu juu isuguliwe kwa brashi ya waya, ipakwe redoksaidi, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi ya bati. Kuipaka lami juu ya kutu, kama wengi wanavyofanya, huficha ugonjwa, kwa kuwa chini ya lami chuma huendelea kuliwa. Bati linastahili kubadilishwa pale ncha ya bisibisi inapolitoboa kwa kusukumwa kwa mkono tu, na hata hapo mara nyingi ni karatasi tano au sita za upande wa bahari, si paa zima.

Ukiwa darini tazama pia jinsi kenchi zilivyofungwa kwenye ukuta. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024 kilitukumbusha kwamba upepo mkali hulinyanyua paa kutoka chini ya kingo zake, na kinacholishikilia ni mikanda ya chuma au waya zilizozamishwa kwenye linta, yaani boriti ya zege iliyo juu ya milango na madirisha. Ikiwa zimeoza, fundi aongeze mikanda mipya na kuifunga kwa boliti. Darini kanyaga mbao peke yake, kamwe usikanyage jipsamu, na juu ya bati mtu akanyage kwenye mistari ya misumari ambako kuna papi chini, akiwa na viatu vya mpira, bati likiwa kavu, na mwenzake akiwa chini ameshika ngazi. Ukiwa na shaka yoyote juu ya urefu au uimara wa ngazi, hiyo ni kazi ya fundi. Mahali ambapo waya wa TANESCO unaingilia nyumbani pasisogelewe na mtu yeyote.

Kutoka kwenye bati maji yanaingia kwenye gata, na hapa naomba tufanye hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 150 likipigwa na mvua ya milimita 40, ambayo kwa masika ya Dar es Salaam si jambo la ajabu kunyesha ndani ya saa chache, linamwaga lita 6,000, yaani matangi matatu kama lenu. Gata likiwa limejaa majani ya mwembe na mchanga, maji yote hayo yanafurika na kuangukia kwenye msingi wenu, mara nyingi mahali pamoja, mvua baada ya mvua. Gata zisafishwe kwa mkono mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, na mti ulioinamia paa upunguzwe matawi ili usafishaji huo uwe na maana. Baada ya kusafisha, mwaga ndoo moja ya maji upande wa juu wa gata na utazame: yanapaswa kuteremka yote hadi kwenye bomba la kushushia. Mteremko wa sentimita moja kwa kila mita mbili au tatu unatosha. Yakibaki madimbwi, vishikizo vimelegea na gata limelala, na madimbwi hayo ndiyo mazalia ya mbu aina ya Aedes wanaoeneza homa ya dengi, ugonjwa ambao jiji letu limeshauona kwa mlipuko mwaka 2014 na tena 2019.

Sasa shuka chini, ambako wenye nyumba wengi hawatazami kabisa. Ardhi inayozunguka nyumba inapaswa kuteremka kuelekea nje, angalau sentimita 5 kwa kila mita katika mita tatu za kwanza, ili maji yaende mbali na msingi. Kwa miaka 7 udongo unaweza kuwa umeshuka na bustani imepandishwa, mpaka maji yakageuza njia na kurudi ukutani. Njia bora ya kulijua hili haina gharama yoyote: siku ya mvua kubwa ya masika, isiyo na radi, chukua mwavuli na uizunguke nyumba yako taratibu mara mbili. Tazama gata linafurikia wapi, bomba linamwaga wapi, dimbwi linakaa wapi na kwa muda gani, na kama ukingo wa zege unaozunguka nyumba umeachana na ukuta na kufanya ufa unaomeza maji. Piga picha kwa simu. Nusu saa hiyo itakuonyesha mambo ambayo mkaguzi anayekuja kiangazi hawezi kuyaona hata akilipwa vizuri. Yale yote uliyoyapiga picha yatengenezwe Juni, kwa kujaza udongo wa kushindilia, kuziba ufa wa ukingo, au kuchimba mfereji unaoelekeza maji kwenye mtaro bila kuyasukumia kwa jirani.

Ukuta wa ndani ukibanduka rangi na kutoa ungaunga mweupe karibu na sakafu, huo ni unyevu unaopanda kutoka ardhini ukiwa umebeba chumvi. Kupaka rangi juu yake ni kupoteza fedha. Kwanza ondoa maji ya nje kama nilivyoeleza, na hakikisha udongo wa bustani haujapanda juu ya usawa wa sakafu ya ndani. Kisha lipu iliyooza ikwanguliwe, ukuta uachwe ukauke kwa wiki kadhaa za kiangazi, ndipo lipu mpya ipigwe. Ili kujua lipu imeachana na tofali wapi, gongagonga kwa mpini wa bisibisi: penye uzima hutoa mlio mzito, penye ubovu hulia kama mtungi mtupu.

Nyufa zisikutie hofu zote kwa pamoja. Zile nyembamba kama unywele, zinazotambaa kwenye lipu bila mwelekeo, ni za lipu iliyokauka haraka na hazina madhara. Ninazozihofia ni zile zinazokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, na zile zilizo pana upande mmoja kuliko mwingine, kwa sababu zinaashiria kwamba sehemu ya msingi inashuka. Weka alama ya penseli kwenye ncha ya ufa, andika tarehe na upana wake, na uupime tena kila baada ya miezi mitatu. Ufa uliosimama unazibwa. Ufa unaotembea, au uliofikia milimita 5, unahitaji mhandisi kabla ya mpiga lipu.

Kuna ufa mmoja ambao pwani hatupaswi kuuchelewesha hata mwaka mmoja, nao ni ule unaofuata nondo chini ya linta, kwenye nguzo ya baraza au chini ya zege la kibaraza. Nyumba ya mama yangu mzazi huko Tanga ilijengwa kwa mchanga wa ufukweni, kama zilivyojengwa nyingi za wakati ule, na chumvi iliyokuwa ndani ya zege ikazifikia nondo. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichozaa kutu hiyo, hivyo hulipasua zege kutokea ndani. Tuliona kwanza mstari mwembamba wa kahawia chini ya linta ya jikoni. Mwaka uliofuata kipande cha zege kikubwa kama sahani kilianguka usiku juu ya meza ambayo mama hukaa kuchambua mchele asubuhi. Tangu siku hiyo, katika kila nyumba ninayoikagua, naanza kutazama linta kabla ya kitu kingine chochote cha ukutani. Mstari wa kahawia unaofuata nondo uonyeshwe kwa mhandisi mwaka huo huo.

Kuhusu maji taka, miaka 7 bila kunyonya ni mingi. Karo la familia, yaani tangi la kwanza linalopokea maji taka, kwa kawaida huhitaji kunyonywa kila baada ya miaka 3 hadi 5, au pale tope la chini na utando wa juu vinapofikia theluthi moja ya kina chake. Ukiacha vikazidi, tope linavuka kwenda kwenye shimo la kunyonya, lile linalopitisha maji ardhini, na kuziba udongo wake, na hapo hata ukiita gari kila mwezi shimo halitapona. Itakubidi uchimbe jingine. Kwa hali yenu, iteni gari sasa, kabla ya Machi, na baadaye mfanye hivyo nyakati za kiangazi. Katikati ya masika maji ya ardhini yanakuwa juu, shimo lisilosakafiwa hujaa tena ndani ya siku chache, na karo la plastiki lililoachwa tupu linaweza kunyanyuliwa na maji hayo. Kutapisha choo kwenye maji ya mvua, kama wanavyofanya baadhi ya watu mitaani, ni kuwapelekea majirani kipindupindu, na ni kosa kisheria. Mfuniko wa shimo nao ukaguliwe kila mwaka, kwa kuwa gesi ya humo hula zege na nondo kutoka chini wakati juu panaonekana pazima, na watoto hucheza hapo. Nasisitiza kwa uzito wote: mtu yeyote asiingie ndani ya shimo, hata kwa dakika moja, hata kumwokoa mwenzake aliyeanguka. Gesi hiyo huua bila kumpa mtu nafasi ya kupiga kelele, na mara nyingi anayefuata kuokoa hufa pia. Aliye juu aite Zimamoto.

Tangi lenu la maji lioshwe kila Februari, na Septemba pia kama mnatumia maji ya kisima. Litoeni maji yote, lisugueni ndani kwa brashi bila sabuni, kisha lijazeni na kutia dawa ya klorini, ile ambayo wengi tunaiita jiki, isiyo na manukato. Kwa dawa yenye nguvu ya asilimia 3.5, lita 3 zinatosha tangi la lita 2,000. Fungueni kila koki mpaka harufu ifike, acheni usiku mzima bila mtu kuyatumia, asubuhi myamwage mbali na bustani na kusuuza. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na dawa ya choo, kwani mchanganyiko hutoa gesi ya sumu. Usiku huo huo, koki zote zikiwa zimefungwa, andikeni namba za dira ya maji na mzisome tena alfajiri. Zikiwa zimesogea, kuna bomba linalovuja mahali msipopaona.

Umeme naueleza kwa ufupi kwa sababu sehemu yako ni ndogo. Kwenye kisanduku cha breka kuna kifaa cha kukata umeme unapovuja, chenye kitufe kilichoandikwa T. Kibonyezeni kila baada ya miezi mitatu, na umeme ukatike papo hapo. Usipokatika, au kifaa hicho kikiwa hakipo kabisa, mwiteni fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, naye apime pia ethi, yaani waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini, kwa kuwa nguzo yake ya ardhini huliwa na kutu kama chuma kingine chochote cha pwani. Soketi iliyobadilika rangi kuwa kahawia isitumike tena. Mpira wa gesi ya kupikia pakeni povu la sabuni kwenye viungo vyake, na ukionyesha ufa au kukakamaa ubadilishwe siku hiyo hiyo.

Mchwa wana dalili moja ya wazi: vijia vya udongo vyenye upana wa penseli vinavyopanda kwenye msingi, nyuma ya kabati au ndani ya kona ya stoo. Bomoa kipande kidogo cha kijia na urudi kesho. Kikiwa kimejengwa upya, kundi liko hai na linahitaji mtu wa dawa aliyebobea. Kuni, maboksi na mbao visiegemezwe ukutani. Madirisha ya alumini yana vitundu vidogo vya kutolea maji kwenye reli ya chini, vizibuliwe kwa njiti kabla ya masika; grili na geti visuguliwe na kupakwa redoksaidi Julai. Rangi ya nje ije mwisho wa yote, baada ya nyufa na unyevu kushughulikiwa.

Kwa upande wa fedha, kanuni inayotumiwa sana ni kutenga kila mwaka asilimia 1 ya thamani ya jengo. Kwa nyumba ya shilingi milioni 80 hiyo ni laki 8 kwa mwaka, au kama elfu 67 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari kama yenu mimi ningetenga asilimia 1.5, na miaka ambayo fedha hazikutumika zote ningeziacha zikusanyike kwa ajili ya bati la upande wa bahari, ambalo siku moja litahitaji kubadilishwa. Pamoja na akiba hiyo, wekeni daftari la nyumba: tarehe, kilichoonekana, kilichofanyika, jina la fundi na gharama. Fundi anayekuta daftari hilo mezani huzungumza kwa uangalifu zaidi.

Nikirudi kwenye ushauri mliopewa wa kubadilisha paa zima: mwulizeni fundi huyo kama aliingia darini. Kama hakuingia, msitoe fedha. Jumamosi ijayo, jua likiwa kali, panda wewe mwenyewe pamoja na mtu wa kukushikia ngazi, zima tochi, subiri dakika tano, kisha hesabu nukta za mwanga na uweke alama ya chaki kwenye mbao iliyo karibu na kila moja. Mlete fundi wa pili, mpeleke kwenye alama hizo, na mwombe alijaribu bati kwa bisibisi mbele yako, hasa upande wa bahari. Mvua ya kwanza ya Machi ikishapita, panda tena ukapapase zile mbao za chaki kwa kiganja. Zikiwa kavu, mnaweza kuipaka dari ya sebule rangi ifikapo Juni.